Utani usiochuja kwenye gemu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaotengeneza gemu au wanataka kuanza, wengi wana mistari ya kuvunja mbavu kichwani, wanaitia kwenye gemu, marafiki wanacheka siku mbili, wiki ya pili hamna anayecheka tena na wengine wameshazima sauti. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza gemu ndogo za simu hapa Dar na hili jambo limetuumiza kichwa kweli, kwa hiyo nayoandika mengine nimeyaona kwa wakubwa na mengine nimejikwaa mwenyewe.

Kwa nini kichekesho kwenye gemu kinachuja haraka hivyo?

Kwa sababu jukwaani unakisikia mara moja, kwenye gemu unafia sehemu ileile mara 15 na kila ukirudi unakutana na mstari uleule. Mstari ambao ulikuwa mtamu mara ya kwanza, mara ya nne unaukaribisha kwa kusonya.

Afu kuna suala la muda. Mchekeshaji anaangalia watu, anavuta pumzi, anawasubirisha, ndo anaachia. Wewe mtengeneza gemu hujui mchezaji wako yuko wapi saa hiyo, labda amegeukia ukuta, labda ameiacha gemu inaendelea anakula chipsi. Yaani umeandika kichekesho lakini anayeshika saa ni mwingine kabisa, na hajui kama kuna kichekesho kinakuja.

Waulize waliokulia kwenye vibanda vya PS (PlayStation). Kuanzia PES 2016, gemu ya mpira, mtangazaji alikuwa Peter Drury na pembeni yake Jim Beglin, na Drury kwenye mpira wa kweli ni mshairi kabisa, ila kwenye gemu ukicheza ligi na washkaji wiki mbili tu unajua atasema nini kabla hajafungua mdomo. Kosa si lake wala nini, maneno yanayokufanya usisimke Jumapili moja ya fainali hayawezi kukusisimua mara 9 kwa siku na mpira wenyewe ni wa mia tano mia tano.

Kwa hiyo dawa ni kuandika mistari mingi zaidi?

Inasaidia ila peke yake si dawa. Watu wanapenda kuitaja Hades ya Supergiant Games iliyotoka 2020, ina mistari zaidi ya 20,000 iliyorekodiwa, na ni gemu ambayo kufa ndo kazi yenyewe, unakufa unarudi nyumbani kuzimu unawakuta jamaa wanakuongelesha. Sasa wengi wanaona hiyo namba wanakata tamaa kwamba sisi hatuna hela ya kurekodi hata mistari 500. Lakini angalia vizuri mistari yenyewe inafanyaje kazi, wanakuongelesha kuhusu kilichotokea sasa hivi, nani kakuua, ulikuwa umebeba silaha gani, umekutana na nani njiani. Kila mstari una sharti lake. Kampuni ya Valve walikuwa wanafanya mambo ya namna hiyo tangu Left 4 Dead ya 2008, gemu ya kupambana na mazombi, mhusika hafungui mdomo mpaka gemu iangalie yuko wapi, yuko na nani, hali yake ikoje.

Sisi tulikuwa na gemu ya daladala. Konda tulimpa mistari 40, tulijisifu sana, tukaiweka itoke ovyo ovyo kila baada ya sekunde kadhaa. Nikampa mpwa wangu simu asubuhi, akacheka mpaka mama yake akaja kuangalia kuna nini. Jioni nakuta bado anacheza ila kazima sauti. Nikamuuliza mbona, akasema "mjomba, huyu konda anaongea kama redio."

Tukaikata ikabaki 15, na kila mmoja tukaufunga kwenye kitu: umepita kituo na abiria wanagonga bati, gari tupu na konda bado anasema kuna siti mbili za haraka, mvua imeanza na dirisha halifungi, umegonga kibanda kilekile kwa mara ya tatu. Mistari mingi ilikuwa ileile ya mwanzo, hatukuandika mipya, tumebadilisha tu lini inasemwa. Sauti haikuzimwa tena.

Nikiweka itoke kwa bahati nasibu si inatosha?

Hapana, bahati nasibu ya kompyuta haina huruma, inaweza kukutolea mstari mmoja mara tatu mfululizo na mchezaji akajua gemu imekwama. Fanya kama mfuko wa tiketi, tia mistari yote ndani, toa mmoja mmoja bila kurudisha mpaka mfuko uishe, ndo uchanganye upya. Tetris za siku hizi zinagawa maumbo yake 7 kwa mtindo huohuo. Hakikisha tu wa mwisho kutoka mfuko wa zamani asiwe wa kwanza kwenye mfuko mpya, hapo wengi wanasahau.

Na tia tiketi tupu. Siongei kwa utani, nusu ya mfuko iwe kimya. Konda ambaye wakati mwingine anakaa kimya tu anakufanya umsikilize anapoongea. Halafu ile mistari yako ya nguvu, miwili mitatu, ikitoka mara moja isirudi kabisa, mchezaji abaki anawahadithia wenzake na wenzake wakifungua hawaikuti, wanambishia.

Unapenda kusema "usijenge kichekesho, jenga mtani." Maana yake nini?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni ufundi.

Kichekesho ni kitu, ukishakitoa kimetoka. Utani ni uhusiano. Chukua Simba na Yanga, watu wanataniana tangu babu zetu na haujachuja, kwa nini? Hakuna anayekaa kuandika utani mpya wa Simba na Yanga, mechi yenyewe inauleta, Jumamosi mmoja kafungwa basi Jumatatu ofisini kazi haifanyiki. Au chukua Wachaga na Wapare. Mtani anakuja msibani, watu wanalia, yeye anaanza kuigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anazuia shughuli mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mchezo ni uleule miaka yote lakini marehemu ni mwingine, kwa hiyo kila msiba utani ni mpya. Kinachodumu ni ruhusa ya kutaniana, maneno yanaletwa na tukio.

Sasa njoo kwenye gemu. The Stanley Parable, toleo la 2013, unatembea ofisini na msimulizi anasimulia unachofanya. Unafika kwenye milango miwili, anasema Stanley akaingia mlango wa kushoto. Unaingia wa kulia. Hapo umeshapata mtani. Hajakupa kichekesho chochote, kakupa nafasi ya kumbishia, na kila ukimbishia anakuja na lake, kuna kistoo cha mafagio humo ukiingia hakina kitu chochote kabisa cha kufanya, ukikaa ndani kwa ubishi anaanza kukusema kwamba humu hamna kitu toka, we unakaa, anaendelea kulalamika. Watu wamekaa kwenye kistoo kitupu dakika nzima wakicheka peke yao.

GLaDOS, kompyuta inayoongea kwenye Portal ya 2007, naye ni mtani, mtani mbaya, anakusifia kwa sauti ya upole huku anataka kukuua. Undertale ya 2015 imeenda mbali zaidi, ukimuua Toriel, yule mama mpole anayekupokea pale mwanzoni, ukajuta ukarudisha gemu nyuma ukamwacha hai, unakuja kukutana na Flowey, ambalo ni ua linaloongea, linakucheka usoni kwamba linajua ulichofanya. Hiyo ya kusevu na kurudia kila mchezaji anaifanya akijua ni siri yake. Mtani anajua siri zako, ndo maana ni mtani.

Kwa hiyo kabla hujaandika mstari hata mmoja jiulize gemu yako inamjua mchezaji kwa kitu gani. Anagonga sana? Mbahili wa sarafu? Anarudi nyuma kila mara? Hapo ndo pa kumtania.

Gemu bila maneno kabisa inaweza kuchekesha?

Tena vizuri zaidi. Untitled Goose Game ya 2019, imetengenezwa na House House wa Melbourne, wewe ni bata bukini kwenye kijiji cha watu wastaarabu, kuna kitufe maalumu cha kupiga kelele tu na una orodha ya uchokozi wa kufanya. Mtunza bustani anamwagilia maua yake, ana ratiba yake, ana heshima zake, we unamuibia funguo. Muziki ni piano ya Debussy, mtunzi wa zamani wa Ufaransa, iliyokatwakatwa ikafuata unachofanya, ukinyata unatulia, ukianza kukimbizwa unachangamka. Pale mchekeshaji ni mchezaji mwenyewe, saa kaishika yeye, anajificha nyuma ya kichaka anasubiri, anasubiri, yule mzee akiinama tu, honk. Lile tatizo la muda nililosema mwanzo limeondoka lenyewe.

Linganisha na Goat Simulator ya Coffee Stain wa Sweden, 2014, mbuzi anayeharibu kila kitu, waliamua kuacha makosa ya programu yabaki humo isipokuwa yale yanayozima gemu kabisa. Nilicheka sana siku ya kwanza, siku ya tatu nikaifuta kwenye kompyuta. Maoni yangu tu haya, najua wapenzi wake watanitukana, lakini dunia yote pale ni kichaa, mbuzi kichaa, watu wanaruka kama matambara, hamna aliyeko siriasi. Bata anachekesha kwa sababu mtunza bustani hachekeshi. Konda mcheshi akibeba abiria wote wacheshi, hilo basi halina mtu wa kuchekwa.

Kwani kurudiarudia ni kubaya siku zote?

Sio kabisa! Nenda kijiweni wanapocheza drafti, kuna mzee mmoja kila akila kingi anasema neno lilelile, tangu 2010 anasema hilohilo, na watu wanacheka kabla hajalisema. Wanalingoja. Siku asiposema wanamuuliza mzee unaumwa?

Tofauti ni kurudia kwa makusudi na kurudia kwa uvivu. Kwenye Warcraft za miaka ya 90 ukimbofya askari wako mara nyingi bila kumpa kazi anaanza kukasirika, anakuuliza mbona unanisumbua, yaani wamechukua kurudia kwako wewe wakakufanyia utani nako. Upande wa pili Skyrim ya 2011, walinzi mji mzima wanakuambia walikuwa wazururaji kama wewe mpaka walipopigwa mshale wa goti. Mmoja akisema ni huzuni, wote wakisema unaanza kujiuliza hii nchi ina goti zima hata moja? Mstari ukageuka kichekesho cha dunia nzima, kwa sababu gemu ilijisahau tu, na watu wakaukamua mpaka ukakauka.

Na kwa kizazi chetu kuna ile mishoni ya treni ya GTA San Andreas, 2004. Unaendesha pikipiki, Big Smoke yuko nyuma anapiga risasi hovyo hampati mtu, treni inawaacha, afu anakugeukia wewe kwamba ulichotakiwa kufanya ni kuifuata tu treni. Kosa lake lawama zako! Ungeiandika leo kwa makusudi usingeipatia, ule mstari umechekesha kwa sababu kila mtu ameusikia akiwa na hasira, na kwenye kibanda kulikuwa na watu sita nyuma yake wanaomsubiri afe washike pedi.

Niweke meme zinazotamba sasa hivi?

Usiweke. Gemu inachukua mwaka au miwili, meme inakaa wiki mbili. Duke Nukem Forever ilitangazwa 1997 ikatoka 2011, na ilipofika ilikuwa imebeba utani wa enzi tofauti tofauti kama mtu aliyekuja harusini na nguo za ndugu zake wote. Hata meme yako mwenyewe ikikua iogope. Ile ya Portal, kwamba keki unayoahidiwa ni uongo, watu waliikariri miaka mpaka ikachosha, Portal 2 ilipotoka 2011 ile keki waliiacha karibu yote, na nadhani hicho ndo kitu cha busara zaidi walichofanya.

Kama gemu yako inapata apdeti kila wiki, haya, weka kama stika kisha uitoe. Kipimo changu ni hiki: asiyejua ilikotoka atacheka? Kama hacheki basi hapo anayechekesha ni intaneti, we umeazima tu.

Na utani wa teknolojia?

Huo nao una tarehe ya mwisho kama maziwa. Kwenye The Secret of Monkey Island ya 1990 kulikuwa na kisiki msituni, ukikichunguza gemu inakuambia weka diski namba 22, ambayo haipo, kisha inadai nyingine ambayo nayo haipo. Enzi hizo gemu zilikuja na diski nyingi na kuzibadilisha kulikuwa kero, kwa hiyo ilikuwa utani wa kweli, ila kuna watu walipiga simu kwa kampuni kuulizia diski zao zilizopotea, na toleo la CD lilipokuja utani ukatolewa. Mtoto wa leo diski yenyewe anaijua kama alama ya kusevu tu. Na sisi tuna yetu: tuliweka mhusika anayekwangua vocha kwa jino, watu wa umri wangu walicheka, mpwa akauliza anakula karatasi?

Vipi kuhusu Kiswahili, utani wa maneno unatafsirika?

Mara nyingi hautafsiriki. Monkey Island 2 ya 1991 ina fumbo ambalo jibu lake ni kumtumia nyani kama spana, kwa sababu Marekani ile spana ya kurekebisha mdomo inaitwa kwa jina la nyani. Waingereza wenyewe, Kiingereza ni chao, walikwama maana kwao haiitwi hivyo. Sasa fikiria mtafsiri wa Kiswahili, kwa mafundi wetu ile ni spana malaya kwa sababu inaenda na nati yoyote. Utani upo, tena mkali, ila gemu ya nyani imeshageuka gemu nyingine isiyofaa kuchezwa mbele ya mama mkwe.

Kinachosafiri ni mfumo. Monkey Island ya kwanza ina mapigano ya panga ambayo hayashindwi kwa panga, yanashindwa kwa matusi, unajifunza tusi na jibu lake kutoka kwa maharamia njiani, halafu ukifika kwa bingwa wa kisiwa anakuja na matusi mapya kabisa na majibu unayo yaleyale, inabidi ujue lipi linakaa wapi. Mkenya yeyote hapo anajua hii ni mchongoano tu, ule mchezo wa kutupiana utani wa matusi, ila wenye panga. Huo mfumo ukiupeleka shule yoyote ya Nairobi au Mombasa hauhitaji maelezo, matusi yenyewe ndo unaandika upya, usitafsiri hata moja.

Afu usitegemee neno la mtaa mmoja. Konda wa Dar ni makanga wa Nairobi, sheng ya moto ya Eastlands ikivuka Namanga imepoa. Hali inavuka, yaani gari limejaa mpaka mlangoni na bado sauti inasema ingia kuna nafasi, hiyo kuanzia Goma mpaka Mombasa wanacheka.

Gemu ngumu ikikucheka unapoanguka haikeri?

Inategemea anayecheka yuko upande gani. QWOP ya Bennett Foddy, 2008, unaendesha mapaja na ndama za mkimbiaji kwa vitufe vinne, unaanguka hatua ya pili, na wala gemu haisemi kitu, mwili wenyewe unatosha. Ukitaka kuweka maneno pale mtu anapoanguka, yawe machache na yasije kabla hajaanza kucheka mwenyewe.

Nitajuaje kama utani wangu umechuja?

Wewe hutajua. Umeusikia mara 300 ukiutesti, kwako umekufa zamani, na hapo ndo wengi wanafuta mistari mizuri kwa sababu wao wamechoka nayo. Mimi naandika kwenye daftari siku ya kwanza mtu tofauti na sisi alipocheka na alicheka wapi, na daftari ndo linaamua, mimi sipigi kura.

Na usimpe mtu gemu siku moja ukachukua kicheko chake ukaenda nacho. Mwachie simu siku tatu. Siku ya tatu usimuulize kama inachekesha, atakuambia ndiyo kwa adabu, we angalia tu mikono: anabonyeza kuruka maongezi? kapunguza sauti? anakimbilia kituo kinachofuata konda akiwa hajamaliza? Au anafanya kosa makusudi ili asikie konda atasema nini? Huyo wa mwisho ukimpata mnunulie soda.

Mchezaji aweze kuruka maongezi?

Ndiyo. Siku zote.

Kuna utani wowote wa gemu ambao kweli hautachuja?

Kuna mmoja. The Stanley Parable ya 2013 ina zawadi unayopewa usipoicheza kwa miaka 5. Toleo jipya la 2022, Ultra Deluxe, wakaongeza ikawa 10. Watu wanabadilisha tarehe ya kompyuta wanaipata kwa dakika moja. Mimi yangu nilifunga nikaiacha, mke wangu kila nikinunua kompyuta nyingine ananiuliza kwa nini nahamisha gemu nisiyoicheza.